Mpaka Uliopandwa Duara

Niliyaona maua kabla sijajua ni ya nani. Yalikuwa chini ya ubao mpya wa kaunti, pale inapoanzia njia ya kutembea kando ya kijito chetu, yamepandwa duara safi na kuzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Yalikuwa meupe, kila petali na mstari wa waridi katikati, na udongo wake ulikuwa bado umelowa. Nikainama nikayapiga picha kwa karibu. Nilikuwa nimetoka mjini Nyeri kuandika habari za siku ya mazingira kijijini kwetu, kwa ajili ya redio ninayofanyia kazi. Nilikuta hotuba zinaisha, na nikafikiri kwamba kwa maua yale nimepata mwanzo wa habari yangu.

Niliporekodi watu wa kutosha nikapanda mlima kumsalimu mama. Nilimkuta amesimama katikati ya shamba na kikombe cha chai mkononi, anatazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

"Mpaka uko wapi?" akaniuliza. Hata salamu hakunipa.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimepiga picha.

Kwetu itoka si ua la kupamba. Lina kitunguu chini ya udongo. Wakati wa kiangazi majani hukauka hadi ukadhani limekufa, lakini mvua ikinyesha linarudi palepale, halisogei hata kidogo. Ndiyo maana wazee walilichagua kuwa alama ya mpaka. Matoka yetu yalianza kwenye miti ya migrevilia ya barabarani yakashuka kwa mstari mmoja hadi kwenye nduma za kijitoni. Upande huu shamba la marehemu baba, upande ule la mdogo wake, ambaye mimi humwita baba mdogo.

Mstari wenyewe haukuwa wa kale. Baba alipofariki, mama na baba mdogo waligombana juu ya mahali shamba la mmoja linapoishia, na kwa miaka hawakusemezana. Kanisani walikaa pande mbili. Kila asubuhi baba mdogo alikuwa anakuja hadi ukingoni na kumsalimu ng'ombe wa mama kwa sauti kubwa: "Habari ya asubuhi, ng'ombe! Umelala salama?" Mama alikuwa pale pale anakamua, na salamu ile ilikuwa ya kumjulisha kwamba yeye hakusalimiwa. Mwishowe wazee wakaja. Mbuzi akachinjwa, yaliyomo tumboni mwake yakanyunyizwa mstari mzima, matoka yakapandwa, na maneno mazito yakatamkwa juu ya yeyote atakayeyasogeza ili ale ardhi ya mwenzake: kwamba ardhi hiyo itamla yeye. Siku hiyo hiyo baba mdogo alikunywa chai jikoni kwa mama, na tangu hapo amekuwa akija kuinywa karibu kila asubuhi, anakaa kwenye kigoda kilekile karibu na mlango.

Kwa hiyo nilipouona udongo mtupu sikuwaza ardhi. Niliwaza kile kigoda.

Nikauliza jinsi ilivyotokea, kama nilivyozoea kuuliza, na kila niliyemuuliza alikuwa na haki. Kaunti ilitaka njia ifuate kijito, watu watazame ndege na miti ya asili, kisha ipande hadi barabarani. Mahali rahisi pa kupandia ni mpakani, na mama na baba mdogo walikubali kwa moyo mweupe kwamba kila mmoja atatoa hatua moja ya upande wake. Asubuhi wakaja vijana wa kujitolea kutoka mjini. Wakaokota plastiki kijitoni, wakang'oa magugu ya lantana, wakapanda miche. Walipofika mpakani wakakuta maua ya asili yamesimama katikati ya njia ambayo watu wangepita. Wakayaokoa. Waliyachimbua pamoja na udongo wake bila kukata mizizi, wakafukia mashimo, wakapiga reki, na juu wakatandaza majani makavu ili udongo usichukuliwe na mvua. Kazi nzuri kabisa. Hakuna aliyekuwa amewaambia itoka ni nini, kwa sababu kwetu hakuna anayeambiwa. Mtu hukua akijua, kama anavyojua kwamba nyumba ya watu haiingiliwi dirishani. Na wenye mpaka walikuwa chini kwenye hema, wamepewa viti vya mbele, wanasubiri wali wa pishori ya Mwea pamoja na wageni.

Msichana aliyewaongoza vijana alipanda kutuona, glavu bado ziko mkononi.

"Shosho, usiwe na wasiwasi," akamwambia mama. "Tuliziokoa zote. Watu wangezikanyaga."

"Mliziokoa kutoka kwa nani?" mama akauliza.

Msichana akanitazama mimi, kana kwamba swali lile lilihitaji mkalimani. Baba mdogo alikuwa anashuka kutoka barabarani, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Ati nani amefuta shamba?"

Nyuma yake alikuja afisa wa mazingira wa kaunti, mtu mpole mwenye barakashia, aliyezaliwa na kukulia mjini Nyeri. Aliomba radhi kabla hata hajajua kosa. Alipoelezwa, uso wake ukapata nafuu.

"Poleni sana wazee wangu. Lakini mpaka si uko kwa ramani? Tutaangalia tu ramani."

"Ramani iko Nyeri," baba mdogo akasema. "Shamba liko hapa."

Hata hiyo ramani isingetusaidia. Inaonyesha shamba moja tu, la babu. Kugawanya kulifanywa na mbuzi na maua.

Nikajaribu kusaidia kwa njia ninayoijua. Nilipitia picha zote nilizowahi kupiga pale nyumbani. Za harusi ya binti ya baba mdogo, watu wamejipanga mbele ya matoka na kuyaficha kwa magauni yao. Za Krismasi, mbwa amelala juu yake. Nilikuwa nayo makumi ya maua yaliyopigwa kwa karibu, mazuri ya kuweka ukutani, na hakuna hata moja lililoonyesha limesimama wapi. Nilimwonyesha baba mdogo. Akazitazama kwa utaratibu, akanirudishia simu.

"Mtu wa redio," akasema, "umechukua mdomo wa kila mtu hapa kijijini. Mpaka peke yake ndio hukuuhoji."

Nililala kwa mama siku ile. Asubuhi baba mdogo hakuja kunywa chai. Mama alimwekea kikombe, kikapoa, akakimwaga.

Baada ya kanisa wakakutana shambani, kila mmoja upande wake, na kati yao ule udongo uliopigwa reki kama bustani ya hoteli. Vijana walikuwa wamepiga reki sehemu pana, pana kuliko mstari wenyewe, kwa hiyo mpaka ungeweza kuwa popote hapo ndani. Mimi nilisimama juu kidogo, karibu na migrevilia. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilijua maneno yaliyosemwa katika ugomvi wa kwanza na nilikuwa nimepanga jinsi ya kuyazima.

"Anza wewe shemeji," mama akasema. "Wewe ndiwe mwanamume wa boma hili."

Baba mdogo akatembea polepole, akachomeka fimbo yake. Nikatazama mara mbili. Alikuwa ameichomeka ndani kabisa, ubavuni mwa maharagwe yake mwenyewe.

"Hapa," akasema.

"Usinitanie," mama akasema. "Hapo ni kwako."

"Hapa ndipo lilipokuwa itoka kubwa, lile lenye watoto wengi."

"Lile kubwa lilikuwa huku!" Mama akarudi nyuma hadi kwenye migomba yake, akapiga mguu chini. "Saa nne kivuli cha mgomba huu kilikuwa kinaligusa."

"Mgomba huo si ulipanda juzi?"

"Nilipanda mahali pa ule wa zamani!"

"Shemeji, unataka nife?"

"Wewe ndiwe unayetaka kuniua! Unanipa ardhi yako niile, halafu inile mimi, na watoto wangu wapate shida, ndiyo?"

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa ya watu wanaovutana, na hawa walikuwa wanasukumana. Kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ana shamba kubwa zaidi ya anavyokubali. Nikadhani ni ukarimu. Kisha nikamtazama mama usoni, nikaona ni woga, woga wa yale maneno ya wazee. Kisha baba mdogo akasema, kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu hakukuacha na kashamba kadogo hivyo," na nikawa sijui tena ni nini. Lakini sauti zilikuwa zilezile za miaka ile. Na mshipa wa shingo ya mama ulikuwa uleule.

"Basi tugawanye katikati," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Angalau katika hilo walikuwa pamoja.

"Katikati ya nini?" baba mdogo akauliza. "Ukikosea kidogo upande wowote, mmoja wetu amekula."

"Redio imemharibu," mama akamwambia.

"Imemharibu kabisa."

Hawakuelewana, lakini walikubaliana kwamba matoka hayawezi kuendelea kukaa chini ya ubao wa kaunti. Jumatatu baba mdogo aliacha kwenda soko la Chaka, mimi nikaomba ruhusa kazini, tukateremka na majembe. Tulimkuta yule msichana anamwagilia duara. Alisimama mbele ya ubao, mkebe mkononi.

"Shosho, hizi ndizo zimependwa kuliko zote. Wageni wote walipiga picha hapa."

"Najua," mama akasema. "Hata mtoto wangu alipiga."

Msichana akafikiri. Kisha akaweka mkebe chini na kuchukua jembe la mama kutoka mkononi mwake. "Nionyeshe pa kushika," akasema. Alichimba yeye mwenyewe, kwa uangalifu uleule wa mara ya kwanza, huku mama na baba mdogo wamesimama juu yake wakibishana ni itoka gani lilikuwa wapi. La kijitoni, hapana, la barabarani. Hili ni mtoto wa lile. Hapana, ni mama yake. Katika duara hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na mwishowe waliacha kubishana, wakavitenganisha vile vitunguu katika mafungu mawili kama watu wanaogawana viazi.

Mama akapanda lake palipogusa kivuli cha mgomba wake. Baba mdogo akapanda lake ubavuni mwa maharagwe yake. Hakuna aliyemsaidia mwenzake. Walipomaliza kulikuwa na mistari miwili, na kati yake kipande cha ardhi kutoka barabarani hadi kijitoni, chenye upana wa kutosha ng'ombe kugeuka. Kila mmoja anasema ni cha mwenzake.

Njia ya kaunti haikuweza kupita hapo. Afisa alinipigia simu kuuliza aombe ruhusa kwa nani, kwa maana alikuwa hataki kukosea tena. Nikamuuliza mama, akasema nimuulize baba mdogo. Nikamuuliza baba mdogo, akanicheka. "Si umuulize mama yako? Mali ni yake." Nilimjibu afisa kwamba sijui, na lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kumpa mtu wa serikali. Sasa njia inafuata kijito, inafika kwetu, inarudi ilikotoka.

Mvua zikaja. Kipande kile hakikulimwa, hakikukatwa nyasi. Nyasi zikafika kiunoni, vichaka vikaota, ndege wadogo wakahamia humo hadi kelele zao zikasikika jikoni. Nilikuwepo siku afisa alipowaleta wanafunzi kutazama ndege. Alisimama kijitoni, akanyoosha mkono na kuwaambia, kwa heshima kubwa, kwamba hiki ni kipande ambacho jamii yenyewe imekiacha kwa ajili ya viumbe. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti. Nimeisikiliza sauti hiyo mara nyingi, na mpaka leo sijaamua kama ni uongo.

Kigoda cha baba mdogo kilikaa kitupu majuma mengi. Mama alikuwa anakipangusa kila alipofagia, kisha anakirudisha karibu na mlango.

Kisha asubuhi moja nilipokuwa nimekuja kumwona, mama anakamua, ukungu haujaondoka mlimani, sauti ikatoka ng'ambo ya nyasi.

"Habari ya asubuhi, ng'ombe! Umelala salama?"

Nikamtazama mama. Mikono yake ilisimama, maziwa yakakoma kulia ndooni. Kichwa chake kilikuwa bado kimeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Ng'ombe anasema amelala salama!" akajibu kwa sauti kubwa. "Anauliza kama wewe umekunywa chai!"

Sauti ya ng'ambo ikajibu:

"Mwambie bado!"

"Anasema uje, lakini leo hakuna sukari!"

"Aku! Ng'ombe gani huyo mchoyo?"

Nilitoka nje ya zizi kumtazama akija. Alifika kwenye matoka yake, akasimama. Jikoni kwa mama kulikuwa mbele yake, moshi unaonekana, nyasi tu ndizo zilizokuwa kati. Akazitazama nyasi upande huu na upande ule. Kisha akageuka, akapanda kilima chote hadi barabarani, akapita nyuma ya migrevilia, akashuka tena upande wetu akihema, kwa sababu hakujua amwombe nani ruhusa ya kukatiza.