Mzigo Nyuma, Pua Juu

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa kupakia mzigo naweza kumfundisha mwenye digrii. Nimekulia Katonga, kando ya ziwa, kwenye nyumba ambayo ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga wenye magamba ya samaki. Baba yangu alivuka kutoka Kongo na mtumbwi wake, akaoa huku, akanizaa huku, na kabla sijajua kusonga ugali nilikuwa najua kupiga kasia. Sheria ya baba ilikuwa moja: kizito kinakaa nyuma, mtumbwi uinue pua. Pua ikilala, wimbi linaingia na nyote mnakunywa ziwa. Nimepakia hivyo miaka yote ya biashara yangu ya dagaa na sijazama hata siku moja. Ndiyo maana siku niliyokaribia kumuua mjukuu wangu sikuwa na wasiwasi wowote.

Nianze na yule mama. Miaka ile ya kwanza ya wakimbizi, watu waliposhuka ufukweni kwetu wakiwa na sufuria kichwani na watoto mgongoni, mama mmoja Mrundi aliingia uani kwangu kuomba maji. Kitenge chake kilikuwa kinachuruzika. Mle ndani binti yangu alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto ametanguliza miguu, na mkunga wetu alikuwa msibani Ujiji. Yule mama alisikia kilio, akaweka kikombe chini hata kabla hajamaliza maji.

"Nani huyo?" akaniuliza.

"Binti yangu. Anakufa."

"Hafi. Nipe sabuni."

Alinawa mpaka kwenye viwiko kwa kipande changu cha sabuni ya kufulia, akaingia. Jua halijafika utosini, mtoto akalia. Wa kike. Na mama yake akaomba uji.

Yule mama alikaa kwetu kama mwezi, kisha akapelekwa kambini na wenzake. Baadaye kwao kulitulia, akarudi. Kukachafuka tena, akakimbia tena, safari hii kambi ya upande wa Kasulu. Nilikuwa namtumia dagaa kila nikipata mtu wa kwenda huko. Mpaka siku moja akanipigia simu: jina lake limetoka kwenye orodha, anarudi kwao, mabasi yanaondoka kesho asubuhi.

"Kesho ipi?" nikamuuliza, kama vile ziko nyingi.

Asante ya mdomo nilikuwa nimempa. Asante ya mzigo, bado. Kwetu sisi mtu aliyekupa mtoto haondoki mikono mitupu, na mimi nilikuwa nimeahirisha miaka yote hiyo, nikidhani yupo tu. Sasa ilikuwa asubuhi moja. Nikimkosa hapo, nitampata wapi tena? Nami miguu yangu hii ya kuvimba haivuki mpaka.

Mtoto yule aliyetanguliza miguu sasa ni mwalimu, na ana gari. Mwanamke wa kwanza kushika usukani katika ukoo wetu wote, wa huku na wa Kongo! Nalitangaza hilo sokoni hata kwa wasioniuliza. Gari lenyewe ni dogo, jeupe, utadhani lilikatwa nusu likiwa kiwandani. Nilipomwambia habari ya simu hakuuliza mara mbili. "Alfajiri tunaondoka, Bibi. Andaa mzigo wako, ila usinijazie gari."

Nikalijaza. Alipokuwa anaoga, nilipanga gunia mbili za dagaa kwenye buti, zimeshindiliwa. Madumu matatu ya mawese nikayasukumia nyuma yake kabisa, mpaka mlango wa buti ukafungwa kwa kamba. Kisha nikaingia kiti cha nyuma, na mimi si mwepesi. Gari likakaa matako chini, pua juu, likitazama mbingu. Nikaridhika. Nikasema moyoni, baba angeliona hili angecheka kwa furaha.

Mjukuu wangu akalizunguka. "Bibi, hili gari linasali?"

"Endesha. Mimi nimepakia mitumbwi kabla mama yako hajazaliwa."

"Njoo basi ukae mbele, mke mwenzangu."

"Mwenye mzigo anakaa na mzigo."

Akacheka, akawasha. Laiti angebisha kidogo zaidi, lakini nilimlea asibishane na mimi, kwa hiyo kosa ni langu mara mbili.

Mpaka Kidahwe tulikwenda vizuri, kwa mwendo wa taratibu, mashimo, baiskeli za ndizi, mbuzi. Baada ya hapo lami ikawa mpya, imenyooka, nyeusi kama chungu. Akaliachia. Upepo ukaanza kuimba kwenye kioo, nami nikaanza kusimulia habari za yule mama kwa mara ya mia. Nikaona hanijibu. Nikamtazama kwenye kile kioo cha juu. Midomo ameibana, na mikono inacheza na usukani, kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, na barabara yenyewe haina kona.

"Una nini?"

"Usukani umekuwa mwepesi."

"Si ndiyo raha? Hautakuchosha."

"Hapana, Bibi. Nikiugeuza, gari linafikiri kwanza. Kisha linageuka kupita nilivyotaka."

Hapo tukaanza kushuka mlima, na lori likatokea mbele yetu, refu, limebeba magogo. Lilipotupita, upepo wake ulitupiga ubavuni kama kofi. Matako ya gari yakaenda kulia. Yakarudi kushoto. Yakaenda kulia tena, zaidi. Niliona mtaro wa mawe ukija kwenye dirisha langu, kisha nikaona miti ya upande wa pili. Nilikumbatia kiti cha mbele, kana kwamba kingenisaidia.

Yeye hakukanyaga breki. Nilikuja kumuuliza baadaye, akasema angeikanyaga tungelala mtaroni. Alitoa mguu kwenye mafuta polepole, akashika usukani kwa mikono miwili bila kupigana nao, akaliacha gari lichoke lenyewe. Mitikisiko ikapungua. Tukasimama pembeni. Dumu moja lilikuwa linatoa mawese, tone, tone.

Aligeuka na machozi. "Unataka ufike wewe, au mzigo?"

Mtoto huyu hajawahi kunisemesha hivyo. Na mimi, badala ya kujibu, niliuliza: "Huo usukani, ulipokuwa mwepesi, ulikuwaje mkononi?"

"Kama haujashika kitu. Kama nageuza hewa."

Mwili wangu wote ukaelewa. Nimeshalisikia hilo mkononi mwangu nikiwa msichana, siku ya mawimbi: kasia likitoka majini linakuwa jepesi kama unyoya, na hapo ndipo mtumbwi unapokuwa hauna mwenyewe. Kasia zuri ni zito kidogo, linavutana na wewe, linakuambia maji yamefanya nini. Basi kasia la gari ni zile tairi za mbele, na mimi nilikuwa nimezinyanyua kutoka majini! Kwenye mtumbwi anayeongoza anakaa nyuma. Kwenye gari uongozi uko mbele. Baba hakuniambia, hakuwahi kuwa na gari.

"Fungua buti," nikamwambia. "Nimekosea."

Alinitazama kama vile nimeongea Kichina. Neno hilo halikuwahi kunitoka mbele yake.

Tulishusha vyote. Gunia moja tulilaza chini nyuma ya kiti chake, na dumu mbili chini nyuma ya kiti cha pembeni. Lile linalovuja na gunia la pili tulimwachia mama mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo kando ya barabara. "Tukirudi tutachukua gunia," nikamwambia. "Mawese ni yako." Alitushangaa lakini alikubali. Na mimi nikaenda mbele, nikafungwa mkanda kama mtoto.

Mjukuu wangu aliondoka polepole, akapanda gia, akajaribu usukani kidogo kidogo. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Sasa naisikia barabara," akasema.

"Iko wapi?"

"Hapa, kwenye viganja."

Tulifika kambini mabasi yakiwa yamewashwa. Nilimtafuta yule mama kwa macho mpaka yakaniuma, kisha nikasikia "Amahoro!", salamu yao ya amani, nyuma yangu, ndiye, amezeeka kama mimi, kitenge kipya. Mzigo aliuangalia akacheka mpaka akashika kiuno. Gunia? Kila mtu ana mizigo yake iliyokwishapimwa na kupakiwa. Alifungua gunia langu, akajaza dagaa kwenye mfuko mmoja, akachukua dumu moja, basi. Nilihatarisha roho zetu kwa vitu ambavyo hata nafasi havikuwa nayo.

Kisha akamgeukia mjukuu wangu. Akaishika mikono yake, akaigeuza viganja juu.

"Huyu ndiye alitanguliza miguu?"

"Ndiye. Ndiye ameniendesha."

"Mikono hii niliiona ya mwisho," akasema. "Ilichelewa sana kutoka."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilisema "Asante" tu, nikaishiwa. Alinipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, akapanda basi.

Nikamwona kupitia madirisha anapita viti vitupu vya mbele, anakwenda moja kwa moja mpaka mwisho kabisa, anajibana na mfuko wake wa dagaa. Mtu wa ziwa kama mimi! Nikagonga kioo kwa ngumi.

"Kaa mbele wewe! Mbele!"

Hakunisikia kwa ngurumo, lakini mkono wangu aliuona ukielekeza. Akainuka, akabeba dagaa wake, akaja kukaa nyuma ya dereva, akinicheka na pengo lake la meno. Mjukuu wangu alikuwa amenishika bega, na hakuniachia mpaka basi likapotea kwenye kona, limetulia barabarani.