Uwanja wa Dagaa, Ng'ambo ya Kamanga

Nimeivaa jezi namba tisa kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Nilianzia Mwanza, nikapita Dar es Salaam, Arusha, Kampala na Bujumbura, kisha nikarudi Mwanza na goti la kushoto linalojua mvua kabla ya mawingu. Sikuwahi kuwa nyota. Nilikuwa yule mchezaji wa kikapu anayepigiwa simu mwenzake akiumia, na nashukuru, maana simu hizo zimenilisha na kunitembeza. Mwaka huu nyingine ikaja, kutoka Kigali: msimu mmoja wa mwisho, jibu lipatikane Jumatatu. Moyoni nilikuwa nimeshakubali, na begi lilikuwa limejaa nusu.

Ndipo akanipigia Perpetua. Ujanani tulicheza timu moja, kisha yeye akaenda ualimu, mimi nikaenda na mpira. Sasa anafundisha sekondari ya kijiji kimoja cha ufukweni, wilaya ya Sengerema.

"Nina mabinti wa kikapu na hawana kocha," aliniambia. "Mkuu wa shule amesema mwisho ni muhula huu. Asipopatikana mtu, timu inavunjwa na uwanja unabaki wa dagaa."

"Wa dagaa kivipi?"

"Njoo uone mwenyewe. Jumamosi wana mechi Sengerema mjini. Niazime siku chache tu, mwenzangu, halafu uende zako Kigali."

Perpetua simwezi. Nikaenda.

Alhamisi asubuhi nilipanda kivuko cha Kamanga. Siku hizi wengi huzunguka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lakini kivuko kinaondokea pale pale mjini, na mimi napenda kuiangalia Mwanza ikirudi nyuma, nyumba zimekaa juu ya mawe kama watazamaji jukwaani. Pembeni yangu aliketi mzee wa Kihindi, mwenye duka la vipuri vya injini za boti, anapeleka mzigo ng'ambo. Aliutazama mpira mapajani mwangu, kisha urefu wangu.

"Wewe bado nacheza?"

"Bado kidogo, mzee."

"Bado kidogo ndiyo nini? Dukani kwangu kitu ipo au haipo."

Nilicheka, ila kicheko kilikatika mapema. Nikageukia maji mpaka tukafika.

Kutoka Kamanga nilichukua bodaboda, barabara ya vumbi kati ya mashamba ya mihogo. Harufu ilinifikia kabla ya kijiji, na nilipoingia shuleni nikaelewa maneno ya Perpetua. Uwanja ulikuwepo kweli, saruji nzuri, vikapu viwili vimefungwa vipande vya nyavu za kuvulia. Lakini nusu nzima ya uwanja, ule upande wa mbali na madarasa, kutoka kikapu hiki hadi kile, ilikuwa fedha tupu. Dagaa, wameanikwa juani. Kijijini hapo hakuna sakafu nyingine ngumu, na dagaa wa kwenye saruji hawaingii mchanga. Akina mama wanaanika asubuhi, wanaanua jua likikaribia kuzama, na mabinti wanafanyia mazoezi kwenye nusu iliyobaki.

Mchana huo nilianza kazi kama nilivyofundishwa mimi: nikawaambia wadundishe mpira. Walikuwa wabaya ajabu. Mpira wa kwanza kabisa ulimponyoka mtu, ukabingirika, ukasimama katikati ya dagaa. Mama mmoja mnene akanyanyuka kivulini. Alikuwa Mama Sumbuko, kiongozi wa waanika dagaa.

"Bhebhe, wewe mgeni! Hao dagaa ndio sare za hao watoto. Unakuja kutoka mjini kutufundishia kumwaga?"

"Nisamehe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo ndiyo ungeanza nayo."

Uwanja mzima ulicheka, nami nikacheka. Kisha nahodha, binti mrefu aitwaye Kabula, akanieleza sheria yao: anayeangusha mpira kwenye dagaa, jioni anawaanua wote peke yake.

"Kwa hiyo sisi hatudundishi, kocha. Tunapasiana tu."

"Haya, chezeni kwenu nione."

Jamani, nilichokiona! Mpira haukugusa chini. Ulitoka kifuani kwa huyu ukafika mikononi mwa yule kabla sijageuza shingo, na wote walikuwa wanakimbia macho juu. Kuna timu nimechezea, zenye mabasi na madaktari, ambazo kocha alipiga kelele msimu mzima akiomba kitu hicho hicho asikipate. Nilitaka kumkumbatia kila mmoja. Ijumaa sikubadilisha kitu, niliwaongezea ulinzi na namna ya kurusha.

Jumamosi tulisafiri kwa Fuso lililokuwa likipeleka dagaa mjini, sisi juu ya magunia, Mama Sumbuko na wenzake nao wamevaa vitenge vya sikukuu wakaja kushangilia. Tulifika tukinuka kama mzigo. Wenyeji wetu, timu ya shule ya mjini, waliziba pua wakitania, na Kabula akawaambia wasubiri kidogo watazoea.

Mechi ilianza vizuri. Pasi zetu ziliwachanganya, tukatangulia. Kisha mambo yakaharibika na mimi sikujua kwa nini. Wenyeji walitubana, mpira ukawa haupiti, mabinti wanarundikana mbele ya benchi langu mpaka naweza kuwashika. Niliita hiki, nikaita kile. Karibu na mapumziko ndipo nikaona. Upande wa mbali na benchi ulikuwa mtupu. Hakuna binti wetu hata mmoja aliyekuwa amekanyaga huko. Kwenye uwanja mweupe, uliofagiwa, watoto wangu walikuwa wanawakwepa dagaa.

Na wenyeji nao walikuwa wameshagundua, wote wamehamia upande wetu.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Sikuwapa mbinu yoyote. Niliuvuka uwanja nikichechemea, nikaketi chini upande ule wa mbali, miguu nimeinyoosha.

"Kabula, kuna dagaa hapa?"

Aliangalia sakafu, kisha wenzake. "Hakuna, kocha."

"Basi njooni."

Wakaja taratibu, wakiweka nyayo kwa tahadhari kama watu wanaoingia sebule iliyopigwa deki. Halafu mmoja akaruka. Wakaanza wote kuruka na kuchekana, mpaka refa akatuita.

Nusu ya pili waliutumia uwanja mzima, na wale wenyeji walikosa pa kusimama. Tuliwafukuzia mpaka mwisho. Mpira wa mwisho aliurusha Kabula kutoka kona ile ile ya mbali, ukazunguka kwenye chuma, ukatoka. Tulifungwa kwa kikapu kimoja. Mabinti walilia, nami nikawashika mabega, na hapo ndipo nikagundua jambo lililonishtua: katika nusu nzima ya pili sikutamani hata mara moja kuingia mimi. Goti nilikuwa nimelisahau.

Njiani kurudi, Mama Sumbuko hakushangilia wala kuimba. Tulipokaribia kijiji akasema, "Kumbe dagaa wetu tuliwaanika mpaka kwenye vichwa vya watoto."



Jumapili asubuhi nilipita uwanjani na begi langu kwenda kuaga. Akina mama walikuwa huko, na Perpetua kati yao, kanga ameifunga kiunoni. Kule ufukweni vichanja vipya vya miti vilikuwa vimeanza kusimama, dagaa wako juu yake, na ile nusu ya uwanja ilikuwa imelowa, inasuguliwa kwa sabuni na mafagio. Niliwaambia walale kwanza, wametoka safari jana. Mama Sumbuko alinyoosha mgongo, akanipa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, kocha. Leo panateleza. Ila kufika Jumatatu patakuwa pameshakauka."

Hakuniuliza kama ningerudi. Nilimwambia asante, nikashika njia ya kivuko.

Katikati ya maji, kivukoni, nilipiga simu Kigali. Nilishukuru kwa moyo wote, nikasema siendi. Waliuliza kama ni goti. Nikasema goti liko vile vile, ila nimepata kazi. Nyumbani nilitoa begini viatu vya mechi, nikatia filimbi.

Nilikuwa nikidhani ukocha ni mahali anapowekwa mchezaji aliyechakaa. Safari hii imenifundisha vingine, na ninaishukuru. Ninaishukuru pia kila timu iliyowahi kunipigia simu mtu wao alipoumia. Lakini Jumatatu niliposimama kwenye saruji ile kavu, bado inanuka kidogo, nikawaambia mabinti waanzie upande wa mbali, niliwaza kwamba katika miji yote niliyopita hakuna mahali pengine waliponipigia deki.