Salamu za Korintho

Katika kanisa letu la Joubert Park, hapa Johannesburg, mtu hasafiri kimyakimya. Akienda Durban kumzika shemeji, au akirudi Bukavu kumwona mama yake, Jumapili ya kabla ya safari husimamishwa mbele na kukabidhiwa salamu. Huko aendako atatafuta kanisa, atasimama, ataeleza ametumwa na nani, na wenyeji nao watasimama na kujibu kwa pamoja, "Tumezipokea." Kisha watampa salamu zao. Akirudi kwetu anazifikisha, nasi tunajibu vilevile. Desturi hii sisi Wakongo wa Kivu tulikuja nayo, Warundi nao walikuwa nayo kwao, na ilikuwa miongoni mwa mambo machache ambayo hatukuwahi kubishania.

Mengine tuliyabishania. Mwaka 2017 Warundi waliomba nusu ya nyimbo ziimbwe kwa Kirundi. Watu wa kwetu wakajibu kwamba Kiswahili ni cha wote, na walijibu kana kwamba wametukanwa. Kutoka kwenye nyimbo ugomvi ukahamia kwenye wahubiri, kutoka kwa wahubiri ukahamia kwenye viti. Ukumbi tuliopanga ulikuwa na njia katikati, ya kupitia tu. Baada ya miezi michache ikawa mpaka: Warundi upande wa dirishani, Wakongo upande wa ukutani. Watoto wetu, waliozaliwa hapa, walikaa nje kwenye ngazi wakiongea Kizulu na Kiingereza, na sidhani walijua tunagombea nini.

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi humwita yaya kama tunavyoitana kwetu, alikuwa shemasi katika kanisa hilo. Kazi yake ni ususi, katika saluni ndogo ya mtaa wa La Rochelle, na vichwa vya pande zote mbili vilipita mikononi mwake. Kwa hiyo alisikia kila kitu, na ulimuumiza ugomvi ule kuliko ulivyotuumiza sisi wengine. Mimi natengeneza cherehani. Kanisani nakaa nyuma.

Mwaka huohuo binti yake, ambaye ni muuguzi Brussels, alijifungua mtoto wa kwanza, akatuita wote wawili: mama amwone mjukuu, na mjomba amsindikize mama, kwa kuwa yaya hajui Kiingereza. Binti alijua pia kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za Ugiriki ya kale, vitabu vya maktaba na vya mitumba, bila mwalimu na bila mtihani. Akapanga tupitie Athene wakati wa kurudi, tupewe siku moja ya kutembezwa kwenye magofu, gari letu peke yetu na mwongozaji wetu peke yetu. Asubuhi Korintho, kwa ajili ya mama yake. Mchana Mikene, ngome ya wafalme wa kale, kwa ajili yangu.

Kanisa liliposikia neno Korintho, hakuna aliyeuliza habari za Brussels tena. Ni mji ambao mtume aliuandikia barua, na kila mmoja wetu anajua kwamba aliuandikia kwa sababu kanisa lake lilikuwa limegawanyika. Jumapili ya kuagwa, yaya alisimama mbele, na mzee mmoja wa Kirundi akainuka upande wa dirishani. Ni fundi nguo, mteja wangu wa zamani, na Warundi walimsikiliza.

"Mama shemasi," akasema, "hao waligombana kuliko sisi. Waulize walimalizaje."

Papa mmoja wa Bukavu, ndivyo tunavyowaita wazee wetu, akajibu kutoka upande wa ukutani, "Na kama hawakumaliza?"

"Basi waulize walichoka lini."

Pande zote zilicheka, na nilikuwa nimesahau sauti ya ukumbi mzima ukicheka pamoja. Kisha fundi yule akaacha utani. Alisema watu wake walikuwa tayari kuondoka na kutafuta ukumbi wao. Lakini kama mama shemasi angerudi na neno la kanisa la Korintho, wangekaa kikaoni na kusikiliza, kwa heshima ya neno hilo. Mchungaji akakubali. Kikao kikapangwa baada ya ibada ya Jumapili tutakayorudi.

Nyumbani nilimwambia yaya ukweli. Korintho ile ni magofu. Hakuna kanisa la kupokea salamu.

"Hata Bukavu yote ikibomoka," akasema, "atabaki mtu wa kusalimiwa."

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyewahi kufundisha historia shuleni. Aliendesha gari mwenyewe. Alizungumza Kiingereza cha polepole, na mimi nilitafsiri. Ilikuwa Oktoba, jua la wastani, upepo mwingi. Nguzo za hekalu zilikuwa pale pale nilipozitegemea, na mlima nyuma yake, na nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akikuta nyumba kwa maelekezo aliyopewa.

Tulisimama mbele ya jukwaa la mawe ambapo, alisema, mtume alifikishwa mbele ya liwali. Akatueleza jambo nililokuwa nimelisoma lakini sikuwahi kulipa uzito. Warumi waliubomoa mji ule, ukakaa karibu karne nzima bila kuwa mji, kisha wakaujaza watu kutoka kwingine, wengi wao watumwa walioachwa huru. Watu ambao mtume aliwakuta pale, asili yao haikuwa pale.

Nilitafsiri yote, sikuacha kitu.

"Walikuwa wageni?" yaya akauliza. "Kama sisi?"

"Kama sisi."

"Na wakagombana."

"Wakagombana."

"Eh. Mgeni akipata kiti anasahau alivyosimama." Akatazama huku na huku kwenye mawe, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo na mwenyewe. "Sasa muulize kanisa liko wapi."

Mwongozaji hakucheka. Nilimweleza desturi yetu, akaisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu ya maana. Kisha akaonyesha nje ya uzio, ambako kuna kijiji, na kijijini kuna kanisa. Akampigia simu mwenye mgahawa anayemfahamu. Padri alikuwa amekwenda mazikoni mjini. Angerudi jioni kwa sala.

Akatueleza hali ilivyo bila kupamba. Tukimngoja padri, Mikene itafungwa, maana majira hayo hufungwa mapema. Tukienda Mikene, sala itakuwa imekwisha tutakapopita tena, na kanisa litakuwa limefungwa. "Siku ni yenu," akasema. "Gari ni lenu. Semeni." Katika basi la watalii hamsini tusingeulizwa. Tungepelekwa, na kama tungekosa kitu tungemlaumu dereva.

Nilimtafsiria yaya. Alinitazama. Tangu nikiwa kijana alikuwa akinisikia nikiongea habari za Mikene, na mara nyingi alikuwa amenitania kwa ajili hiyo.

"Bon, sawa," akasema. "Twende kwenye mawe yako."

"Na salamu?"

"Nitaziacha hapa."

Angeishia hapo, nami ningeweza leo kusema kwamba aliamua yeye. Lakini nilianza kumsaidia kuamua. Nilimwambia kwamba habari ile ya wageni ni nzito kuliko chochote ambacho padri angesema. Kwamba padri hatumjui, ibada yao si kama yetu, huenda angetuona ni watu wa ajabu. Kwamba wale Wakorintho wa barua wamekufa zamani.

"Nani amekwambia natafuta wale?" akauliza.

Alirudi mbele ya jukwaa la mawe, akajifunga vizuri kitenge chake, akasimama alivyosimama mbele ya ukumbi wa Joubert Park. Alisema salamu zote, kwa sauti kamili, kwa Kiswahili: ametumwa na nani, kutoka mji gani, nani anaumwa, nani amefiwa, na kwamba kuna jambo ambalo kanisa linaomba neno juu yake. Watalii wawili wenye kofia waligeuka. Alipomaliza hakuondoka. Alinyamaza, kama inavyopasa, ili wenyeji wapate nafasi ya kujibu. Mwongozaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilitazama saa.

Mikene ilikuwa kama nilivyosoma na zaidi. Lile lango lenye simba wawili wasio na vichwa, na juu yake jiwe ambalo mpaka leo sielewi lilinyanyuliwa vipi, nililigusa kwa viganja vyote viwili. Nilipanda mpaka juu peke yangu. Sitadai kwamba sikufurahi, wala kwamba nilikuwa nikimfikiria padri. Nilikuwa nikifikiria jinsi mawe yale yalivyopangwa bila saruji.

Niliposhuka niliwakuta wanawake wale wawili wamekaa kwenye ukuta mfupi, kivulini. Upepo ulikuwa umemsumbua mwongozaji nywele, na yaya alikuwa akimsuka mistari, taratibu, kutoka kwenye paji kwenda kisogoni. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mwongozaji alikuwa amefumba macho.

"Nywele zake zinateleza kama samaki," yaya akaniambia. "Kesho zitakuwa zimefumuka. Usimwambie."

Jumapili tuliyorudi ukumbi ulijaa pande zote. Yaya alisimama akaeleza safari. Nilikuwa nimemsaidia kupanga maneno, na aliyasema vizuri: mji uliobomolewa, wageni walioletwa kutoka kwingine, wakapata viti, wakaanza kugombana. Watu walisikiliza kweli. Niliona vichwa vikiitikia pande zote mbili za njia ile ya katikati, na nikaamini kwamba imetosha.

Fundi nguo akasimama. "Mama shemasi, tunakushukuru. Hizo ni habari. Jibu lao ni lipi?"

"Hakuna aliyejibu."

"Hapakuwa na mtu?"

"Mtu alikuwepo. Angekuja jioni. Hatukumngoja."

Alisema "hatukumngoja." Hakusema kwa nini, na hakutazama nyuma nilikokaa. Nilifikiri kusimama. Nilikuwa na maelezo: saa za kufungwa, umbali, mazishi. Nikaona kwamba yote yangekuwa habari vilevile, nikabaki nimekaa.

"Basi," fundi akasema. Hakusema kwa ukali. Papa wa Bukavu, ambaye siku ile ya kuagwa alikuwa na utani, safari hii hakuwa nao. Kikao kilifanyika, kikawa kifupi. Mwisho wa mwezi Warundi walihamia ukumbi mwingine, mitaa michache kutoka kwetu.

Mimi si mtu wa kukuza mambo. Sisemi kwamba kanisa lilivunjika kwa sababu ya lango la Mikene. Pengine lingevunjika hata kama padri angetuandikia kwa mkono wake. Lakini watu wale walikuwa wakitafuta sababu ya kubaki, sababu ambayo isingemshinda mmoja na kumpa mwingine ushindi, na sisi wawili tulitumwa kuileta. Nilikuwa na maarifa ya kutosha kujua Wakorintho walitoka wapi. Sikujua kwamba watu wa kanisa langu walihitaji tu kujua kwamba mtu fulani, mahali fulani, amesimama na kuitikia.

Mwaka uliofuata, katikati ya kazi, binti yetu wa Brussels alinitumia ujumbe alioupokea kutoka kwa mwongozaji. Alikuwa amewapeleka wageni wengine Korintho, na safari hiyo alimkuta padri kijijini. Alimweleza habari za mwanamke kutoka Johannesburg aliyezungumza na mawe kwa lugha asiyoielewa, akangoja. Padri aliuliza mwanamke yule alisema nini. Mwongozaji akamwambia: ni salamu za kanisa lake. Padri akasema aambiwe zimepokelewa, na kwamba watu wa kijiji wanalisalimu kanisa lililomtuma.

Niliacha cherehani wazi, nikapanda teksi kwenda La Rochelle. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa. Yaya alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, mwanamke wa Kirundi ambaye zamani alikaa upande wa dirishani. Nilimsomea ujumbe kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama mlangoni.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Amesema zimepokelewa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nani huyo?" mteja akauliza kutoka chini ya mikono yake.

"Watu wa Korintho," yaya akamjibu. Mteja akageuza shingo kunitazama. Yaya aligawa fungu jingine la nywele, akalishika bila kulisuka. "Sasa nizipeleke kwa nani?"

"Kote kuwili," nikasema. "Kwao saa mbili, kwetu saa nne. Nitakusindikiza."

"Mdogo wangu, salamu zilikwenda za kanisa moja." Hakuwa na hasira. Alikuwa akinieleza kazi, kama ninavyomweleza mtu kwa nini sindano inavunjika. "Nikianza huku, kule watasema wamesalimiwa wa pili. Nikianza kule, huku watasema hivyohivyo. Padri amelisalimu kanisa lililonituma. Liko wapi?"

Niliirudisha simu mfukoni.

"Zingekuja Jumapili ile ya kikao," akasema, akianza kusuka, "ningejua pa kusimama."