Aliposema Nishikie

Mwanangu, umeniambia Jumamosi unakwenda harusini Kasulu, na yule mpiga picha amekuahidi kukuachia rimoti ya droni yake uirushe kidogo. Kaa kwanza. Ipo siku moja ya kijijini Nyakitonto ambayo siisahau, na leo nakupa wewe.

Nilikuwa kijana wa mbwembwe. Rafiki yangu Yona, fundi redio, alikuwa ameunda kindege kwa yale maboya meupe mepesi yanayowekwa kwenye boksi la televisheni, akakitia mota, anakirusha kwa rimoti. Jumapili baada ya ibada uwanja wa mpira ulijaa watu. Kindege kikiwa juu, simu ya Yona ikalia: mkewe ameshikwa na uchungu. Akanisukumia rimoti mikononi. "Nishikie!" Huyoo, akaenda pembeni kusikiliza.

Nikashika. Yona alikuwa amenifundisha kidogo, basi mimi nikajiona rubani kamili. Mara upepo wa mlimani ukakipiga, kikaanza kushuka moja kwa moja kwa watoto waliokaa nyuma ya goli. Yesu wangu! Nikavuta kijiti cha rimoti kushoto. Kikawakwepa watoto, kikavuka barabara, kikaenda kuugonga mzinga wa nyuki wa Mama Leokadia. Huyo alikuwa mjane, na ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee, alikuwa amefungwa kamba hapo hapo. Nyuki wakamvamia ng'ombe. Hatukuweza hata kumsogelea. Akafa, akaacha ndama anayenyonya.

Baraza la kata likatuita. Mlangoni mjomba wangu akaninong'oneza, "Usijitie kimbelembele. Alisema nishikie, hakusema chukua urushe. Chombo ni chake, ajibu mwenyewe." Nikaona ujanja mtamu kabisa. Kumbe Yona naye alikuja na wake: yeye alikuwa kwenye simu, aulizwe aliyekuwa na rimoti. Tukarushiana neno hilo moja, nishikie, nishikie, mpaka watu wakacheka. Mama Leokadia hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akanigeukia mimi.

"Kilipogeuka kikawaacha watoto," akauliza, "nani alikigeuza?"

Mwanangu, sijawahi kubanwa vile. Nikisema sikuwa nakirusha mimi, basi na wale watoto sikuwaokoa mimi. Na niliwaokoa! Nilijua hivyo, na najua mpaka leo.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Vidole vilikuwa vyangu, kwa watoto na kwa mzinga."

"Ego," akajibu kwa Kiha chake, yaani ndiyo. "Sasa nimepata mtu wa kuzungumza naye."

Mwenyekiti hakumwacha Yona apumue. "Na wewe! Kitu kiko juu ya vichwa vya watu, unamtupia mwenzio bila hata kumuuliza kama anakiweza? Ungekishusha kwanza, ndipo upokee simu." Tukaambiwa ng'ombe ni wetu sote wawili. Nikatoa mtamba niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya mahari, na Yona akawa anampelekea yule mama maziwa mpaka mtamba akazaa. Harusi yangu ikaahirishwa. Roho iliniuma, sikufichi, lakini Nyakitonto nilitembea kichwa juu.

Kwa hiyo nisikilize. Siku hizi droni hairushwi bila kibali, na likitokea la kutokea, sheria itauliza nani alikuwa anairusha, kisha itamtafuta na mwenye nayo. Ukishapokea rimoti wewe ndiye rubani, hata kama umepokea kwa wema tu. Muulize mpiga picha kama kibali chake kinaruhusu mtu mwingine kurusha. Kama hakiruhusu, mbebee mkoba, nao ni msaada. Kama kinaruhusu, aseme "nakuachia," nawe ujibu "nimepokea," kwa sauti, watu wasikie. Akikwambia nishikie, mwambie aishushe kwanza. Na ikianguka mikononi mwako, usitafute neno la kujifichia; ukikana baya uliloligusa, na jema uliloligusa litakwenda nalo.

Haya, nenda ukacheze harusi. Mungu akujalie vidole vitulivu, mwanangu, na ulimi usiovikana.