Brightson, Bingwa wa Ndege wa Gongo la Mboto

Jirani yetu Brightson alipanda ndege safari moja tu, kwenda Mumbai kumuuguza kaka yake, na tangu hapo hajatua. Kikaratasi cha uwanja wa ndege bado kinaning'inia kwenye begi lake, analolibeba hata sokoni.

Mwanangu Sekela alipopata chuo Uturuki, kwa safari ya kubadili ndege Doha, Brightson alikuja bila kuitwa. "Sikiliza, binti. Ukifika Doha unatoka nje, unachukua begi lako, unapita forodhani, unaanza upya."

Kwake kuunganisha ndege ni kama kuunganisha basi. Sikumbishia, maana hata ngazi ya ndege sijaikanyaga.

Sekela alinipigia kutoka Doha analia. "Mama, niko foleni ya uhamiaji, wananidai viza ya hapa. Ndege ya pili inakaribia kuondoka!"

"Ulipolikabidhi begi, walikwambia utalipokea wapi?"

"Istanbul."

"Sasa unatoka nje kufuata nini? Uliza wanaobadili ndege wanapita wapi."

Walimkagua tena mkoba kwenye mashine, wakammwagisha maji yake ya kunywa, akawahi mlango unataka kufungwa.

Jioni nikamwita Brightson. "Wewe ulivyounganisha ndege, ulipita hivyo?"

"Mie nilikwenda moja kwa moja, Mama Sekela."

"Na habari za Doha ulizitoa wapi?"

"Niliwaza tu, utaratibu lazima uwe hivyo."

"Kawaze kwako," nikamwambia, nikafunga geti.