Tundu la Swichi

Okemwa akishapitisha waya nyumbani kwako, hungeuona tena. Hapo ndipo jeuri yake ilipokuwa. Mafundi wengine wa redio pale sokoni Kebirigo walipigilia waya wa spika ukutani kwa misumari, ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na mgeni akiingia ilimbidi ainamishe kichwa. Okemwa alizicheka kazi za namna hiyo. Yeye aliutoboa ukuta wa udongo kwa nondo iliyopashwa moto, akapenya katikati ya fito, akausukuma waya juu ya dari kwa mwanzi mrefu na kuushusha upande wa pili. Kisha aliziba tundu kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akapaka chokaa. Baada ya siku mbili hata yeye mwenyewe alilazimika kufikiri ndipo akumbuke ulipita wapi.

Lakini alikuwa na ugonjwa wake mmoja, na soko zima liliujua. Kazi kubwa aliimaliza kwa siku moja, ila kijikazi kidogo kilichobaki mwishoni kilimshinda miezi. Mkewe, Nyamusi, alikuwa ameishi miaka sita na mlango wa jikoni usio na kitasa.

Desemba ya mwaka wa 1973, Jethro Ondieki, karani huko Nakuru, alikuja nyumbani kwa likizo na redio kubwa ya mbao. Alimnunulia mama yake, Drusilla Nyanchera, ambaye alikuwa ameteleza kwenye majani chai siku ya mvua akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuondoka kitandani. Sasa Jethro alikuwa mwana mwema, lakini alikuwa pia mtu wa kupenda kuonekana. Kuificha redio kama ile chumbani kwa mgonjwa, alisema, ni sawa na kununua suti ukailalia. Redio ikawekwa sebuleni, juu ya meza yake yenyewe, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Okemwa akaitwa avute waya hadi kwenye spika ndogo juu ya kitanda cha mama.

Alifanya kazi hiyo Jumapili nzima, na aliifanya vizuri kupita zote. Waya ulipanda ndani ya ukuta, ukapita juu ya dari la magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa, ukashuka chumbani. Nyuma ya redio alitia kitufe. Ukikibonyeza, sebule inanyamaza kimya, huku spika ya mama ikiendelea.

"Wageni wakija waongee, na Mama asikose nyimbo zake," alimweleza Jethro. Jethro alikibonyeza mara nne akicheka kama mtoto. Hakuna mtu mwingine aliyeonyeshwa kitufe hicho isipokuwa Bonareri, mke wa Jethro, aliyekuwa akibaki nyumbani kumtunza mkwewe.

Mama Drusilla alikuwa na ombi lake pia.

"Okemwa, baba, mimi nataka niweze kuizima mwenyewe. Ijumaa jua likitua Sabato inaingia. Sitaki kupiga kelele nimwite Bonareri kutoka shambani kila wiki."

"Hiyo ni kitu kidogo, Mama." Akachimba tundu ukutani, mahali ambapo mkono wake ungefika akiwa amelala, ukubwa wa kiberiti. Akaushusha waya humo, akaukata. Kisha akapekua mkoba wake. Swichi hakuwa nayo. Basi akazisokota zile ncha mbili pamoja, akazifunga kwa utepe mweusi, na kwa kuwa hakuvumilia kuacha ubaya uonekane, akalifunika tundu kwa kalenda ya kanisa.

"Kesho kutwa nakuletea," alisema.

Swichi aliinunua Januari, mjini Kisii. Tusimsingizie, aliinunua. Akaitia kwenye droo ya meza yake ya kazi, katikati ya vipande vya risasi ya kulehemia na skrubu, na humo ikakaa. Kwa Mama Drusilla ni mwendo wa nusu saa tu, na ukaribu huo ndio uliomponza, maana mtu huahirisha jambo lililo karibu kwa kujua atalifikia wakati wowote. Mara mvua, mara wateja, mara mazishi ya jirani. Kila siku ya soko Bonareri alipita kibandani kwake.

"Mama anauliza swichi."

"Mwambie ni kesho."

"Hiyo kesho yako ina miguu kweli?"

Siku moja ya Machi Bonareri alileta jibu kutoka kwa mama mwenyewe: "Amesema usijali. Amesema yeye haendi popote." Okemwa alicheka mpaka machozi. Yule mama alikuwa na maneno. Akafungua droo, akaiona swichi, akaifunga.

Jumatano moja ya Aprili, saa saba mchana, alikuwa ameinamia redio ya mteja huku yake ikisoma matangazo ya vifo kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Saa hiyo hata wauza ndizi walipunguza sauti, maana kila mtu alitaka kujua nani ameondoka. Mtangazaji, kwa ile sauti yake ya polepole, akatangaza kifo cha Jethro Ondieki, kilichotokea Nakuru baada ya kuugua ghafla, mwana wa marehemu Manasseh Ondieki na Drusilla Nyanchera.

Okemwa alishika meza. Kwanza alimwona Jethro akibonyeza kile kitufe. Kisha akaiona ile spika juu ya kitanda. Alijua Bonareri huiwasha redio kila asubuhi, akabonyeza kitufe, na kumwachia mama sauti yake mchana kutwa. Akaifungua droo, akanyakua swichi, akakimbia.

Sijui alidhani swichi ingefanya nini saa hiyo, na hata yeye hakujua. Alipanda kilima kile katikati ya majani chai huku akiomba kama hajawahi kuomba kanisani: betri ziwe zimeisha, waya uwe umeliwa na panya, kazi yake hii moja iwe mbovu.

Nyuma ya ghala aliwakuta wanaume watano wamekaa kimya. Mkubwa wao alikuwa Ongeri, mdogo wa marehemu Manasseh. Habari ilikuwa imemfikia alfajiri. Bonareri alikuwa ameambiwa asubuhi, alipotoka kumhudumia mkwewe, na kupelekwa kwa jirani akalilie huko, ili mkwewe asisikie. Walikuwa wakimsubiri pasta, na wakimsubiri Esnah, dada yake Jethro, mwalimu huko Nyacheki, ili mama awe na mtu wa kumshika. Kwa watu hawa habari ya msiba haitupwi. Huletwa na watu, wakaketi, wakaomba, wakaisema. Hilo tangazo walilipeleka wenzake Jethro wa kazini kwa mapenzi mema, bila kujua kwamba nyumbani mama bado hajaambiwa.

"Hajui," Ongeri alinong'ona. "Nimeingia kuangalia redio. Nimeweka sikio kabisa. Imezimwa."

Masikio ya Ongeri yalikuwa yameshastaafu, lakini hata mwenye masikio mazima asingesikia kitu pale sebuleni. Okemwa aliingia. Akainua kitambaa. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka, kitufe kimebonyezwa. Akategea sikio upande wa chumbani. Kimya. Akangoja. Bado kimya. Moyo ukamrudi mahali pake, akasema chini kwa chini, Asante Bwana, kumbe waya umekatika.

Akasukuma mlango.

Mama Drusilla alikuwa ameegemea ukuta. Kalenda ya kanisa ilikuwa imechanwa, nusu yake juu ya blanketi. Utepe mweusi ulikuwa umebanduliwa kwa kucha, na kidole kimoja kilikuwa kinatoka damu. Mkono mmoja umeshika ncha moja ya waya, mkono mwingine umeshika ya pili, na mikono hiyo ameitenganisha sana, kana kwamba ncha zikigusana tena maneno yataendelea.

"Umeleta swichi?" aliuliza.

Okemwa aliitia swichi mfukoni.

"Nilisikia jina lake nikanyoosha mkono," alisema. Hakuwa analia. "Nikakuta kalenda. Nikachana kalenda, nikakuta tundu, nikakuta hiyo kitu umefunga. Umefunga vizuri, Okemwa. Haifunguki haraka. Nilipoifungua, walikuwa wameshalisoma jina langu."

Okemwa alipiga magoti kando ya kitanda. Alisema nisamehe Mama, akaisema tena, na kila alipoisema aliona ilivyo nyepesi. Mama akatazama dirishani.

"Wako nje?"

"Wako nje. Wanamngoja pasta na Esnah."

"Wanaogopa nitakufa." Alitikisa kichwa. "Basi sikiliza. Usiwaambie najua. Ongeri amekaa huko tangu asubuhi akitafuta maneno. Wacha waje waniambie vile inafaa. Nitalia wakati huo. Jethro asililiwe na mtu mmoja na waya mkononi."

Akamwambia azirudishe ncha zile ndani ya tundu na kuibandika kalenda. Okemwa akafanya hivyo. Akamfunga kidole kwa kipande cha leso. Kwenda kwake sebuleni akaizima redio, na hapo taa ikafa kweli.

"Vipi?" Ongeri alimuuliza nje.

"Yuko sawa," Okemwa alisema, na ulimi wake ukaona uchungu.

Waliketi nyuma ya ghala mpaka saa kumi. Muda wa zaidi ya saa mbili, na hakusikia hata kikohozi kutoka dirisha lile. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuna nini nyuma yake, mama mzima akiuzuia msiba wake kwa meno ili wazee wasiaibike. Mara mbili aliinuka aseme, mara mbili akaketi. Esnah alipofika na pasta, wakaingia wote pamoja, na baada ya sala fupi kilio kikatoka mle chumbani kikavuka kilima kile na kingine, hata wachuma chai wakateremsha vikapu.

Jioni Ongeri alimshika mkono mbele ya watu. "Mungu ni mkubwa," alisema. "Redio ingetuharibia. Lakini amesikia kutoka kwetu, kwa heshima. Na wewe Okemwa, asante kwa kukimbia kuja kuihakikisha." Watu wakaitikia amina. Katika maisha yake yote Okemwa hakuwahi kusifiwa na watu wengi hivyo, na angetoa chochote wamtukane.

Wanasema majuto ni mjukuu, lakini ya Okemwa yalizaliwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakupitisha waya popote bila kuanza na swichi. Aliitia ukutani kwanza, ikiwa haijaunganishwa na kitu, na wenye nyumba wakamwona amechanganyikiwa. Kitasa cha mlango wa jikoni alikitia wiki ileile. Nyamusi alikifungua na kukifunga, akakifungua tena.

Siri ya mama aliitunza hadi mama alipokufa, mwaka wa 1979.

Wiki moja tu baada ya Jethro kuzikwa, Okemwa alikuwa amerudi kwake na ile swichi na bisibisi. Kazi yenyewe haikufika dakika kumi. Kabla hajaiweka, Mama Drusilla aliomba kuiona. Akaishika swichi kwenye kiganja, akaigeuza, akaiwasha na kuizima, tak, tak, huku kidole chake kikiwa bado na kovu bichi.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi," alisema, akamrudishia.