Nilimwambia kaka avioshe vindege vya Baba kwa javel

Wenye ukurasa, jina langu libaki kwenu, maana ukoo wetu wote unasoma hapa. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto watatu, naishi Majengo, Goma. Wale wa kuandika "ni vitu vya kuchezea tu" nawaomba wapite mbali, leo sina moyo wa kuwajibu.

Baba yangu alikuwa fundi wa ndege kwenye uwanja wetu. Marubani wa ndege za mizigo walipomaliza kazi zao hapa walimwachia vindege vya mfano, vya plastiki nyeupe, vyenye majina na namba mkiani kama ndege zenyewe. Alikuwa navyo kumi na kimoja. Ndege alizitengeneza maisha yake yote na hakuwahi kupanda hata moja kwenda popote, basi vile vilikuwa ndizo safari zake. Volkano ilipokata mji nilikuwa msichana, nikakimbia kuelekea Gisenyi na katoni ya vindege kichwani, kaka yangu mkubwa akabeba redio. Nyumba iliungua. Redio kaka aliiuza wiki hiyo hiyo.

Kisha vita. Waasi walipokaribia mji, kaka alidandia lori la kwenda Kampala, akasema atarudi njia ikifunguka. Njia ilifunguka na kufungwa sijui mara ngapi, yeye hakurudi. Nilibaki na Baba, na mikono yake ilipoanza kutetemeka, kazi ya vindege ikawa yangu.

Mnadhani ni kazi ndogo? Plastiki nyeupe ni kama meno, ukizembea inageuka njano. Haitakiwi kupigwa na jua, haikai karibu na moshi wa makaa, haifungwi kwenye gazeti wala mfuko wa nailoni. Unaifunga kwenye kitambaa cheupe cha pamba, kikavu kabisa. Na yale majivu ya volkano yanayotuangukia huyafuti, maana yanakwaruza. Unapuliza kwanza, ndipo unapitisha brashi laini ya kunyolea. Zaidi ya miaka ishirini nimepuliza majivu. Volkano ilipolipuka tena nilitoka na katoni ile ile, na mtoto mgongoni. Waasi waliporudi, majirani walificha simu, mimi nilificha vindege. Mume wangu alinitania kwamba ameoa fundi wa ndege bila kujua.

Baba alipofariki, kaka hakuja kuzika. Alikuja siku ya kutoa kilio, yaani ya kumaliza matanga, na viatu vyake vya kung'aa. Kwetu siku hiyo vitu vya marehemu vinagawanywa, na kabla havijatoka nyumbani lazima vyote vioshwe, nguo, vyombo, hata fimbo. Shangazi akasimama akasema vindege vyote ni vya kaka, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza. Mimi nikapewa kabati, tupu. Wazee wanasema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilichumia juani, kivuli akapewa yeye.

Hata hilo ningelimeza. Lakini kaka alinyanyua kimoja, akakigeuza kuonyesha mkia uliokuwa umeanza unjano, akasema mbele ya watu wote: "Hizi zilikosa mutu wa kuzichunga." Watu wakanitazama. Nilitamani kumpiga kwa kile kile kindege.

Baadaye alinifuata nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, tukiwa wawili tu. Akaniuliza kwa upole, sikutegemea upole wake: "Weye njo unazijua. Tunaziosha na nini?"

Nikamjibu bila kupepesa macho, nikimwita yaya kama tunavyowaita kaka wakubwa: "Na javel, yaya. Unaloweka, kisha unaanika ku mawe, mu jua kali."

Javel ni ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inatafuna rangi bila huruma. Kaka akanishukuru. Mimi nikarudi kwa akina mama kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kila nilipoinua mchi nilisema moyoni, acha avione.

Aliviona. Maandishi yote yalikuwa yamefutika, gundi imeachia, na mabawa yamejikunja juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayochoma kama sufuria. Kimoja kilimkatikia mkononi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya dakika mbili, halafu nikasikia kama nimemzika Baba mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu. Najua hasira hasara, msinikumbushe.

Shangazi alimgombeza vibaya sana, akamuuliza nani alimfundisha ujinga ule. Kaka alinitazama. Nikangoja anitaje, hata jibu la kumtukana nalo nilikuwa nimeshaliandaa. Akasema, "Ni miye mwenyewe." Jioni alinishika bega akaniambia: "Ulikuwa na kilio, akili haikuwa yako. Sitakusemea." Anaamini nilikosea kwa huzuni. Hajui kwamba akili yangu siku ile ilikuwa timamu kuliko siku zote.

Sasa ukoo umeamua kwamba kaka hatagusa msalaba wa kaburi la Baba, ambao kwetu kila mtoto huugusa kumuaga mzazi, mpaka apige magoti mbele ya wote na kuomba msamaha. Ni Jumapili hii. Nikisema, watoto wangu watajulikana kama watoto wa yule aliyeharibu mali ya marehemu kwa wivu, na Shangazi hatanifungulia mlango tena. Nikinyamaza, kaka atabeba dhambi yangu.

Na bado simpendi, nisiwadanganye. Alituacha, na hilo halijafutika. Ila Jumapili atapiga magoti kwa kosa langu, na ameniomba nikae karibu naye nimshike mkono. Ndugu zangu, nipeni shauri. Nitaushikaje?